Breki Zilizoungua

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua la Same halijawa kali, Sumaiya alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko kazi zote za nyumbani: kuchomoa waya wa gari. Baba yake, Mzee Chande, alikuwa amenunua gari dogo la umeme la mtumba, nalo lilichajiwa uani, pembeni ya jiko la kuni. Majirani hawakuishiwa utani. "Sumaiya, simu yenu imejaa?" walimuuliza wakipita na ndoo zao za maji. Yeye alicheka, akakunja waya vizuri, akapanda kiti cha mbele kama bosi.

Alikuwa darasa la sita, mwepesi wa hesabu, na ndiye aliyesimamia mizani walipopanda milimani, Mbaga, kununua tangawizi kwa wakulima na kuiteremsha mjini.

Mzee Chande alijulikana Same kwa mambo mawili. Kwanza, hakukuwa na kona ya milima ya Upare iliyomtisha. Pili, alikuwa mwepesi wa hasira, na mara nyingi mkono wake ulitangulia maneno yake. Watu walimheshimu kwa lile la kwanza na kumkwepa kwa hili la pili.

Kwa miaka mingi alikuwa ameendesha pikapu ya dizeli. Madereva wa mlimani wa rika lake walikuwa na mtindo wao: wakifika juu, mteremko unapoanza, walitoa gia, wakaweka nyutro, na gari likajiendea lenyewe mpaka bondeni. Dizeli ilibaki kwenye tangi, na dereva alijiona mjanja. Trafiki waliwakemea, wake zao waliwakemea, wao wakaendelea. Pikapu ilipokufa na gari la umeme likaja, Mzee Chande alihamia humo na mtindo wake uleule.

"Baba," Sumaiya alimwambia siku moja, "yule aliyekuuzia alisema tuliache kwenye gia tukiteremka. Linajizuia lenyewe, na betri inapata chaji. Siku ile uliposahau kutoa gia, niliona chaji inaongezeka."

"Kijana wa Dar es Salaam anifundishe mimi mlima?" baba yake alijibu. "Kaa utulie, mwanangu."

Jumamosi moja tangawizi ilikuwa nyingi kuliko kawaida. Magunia yalijaa nyuma mpaka gari likakaa chini. Mteremko ulipoanza, Mzee Chande aliweka nyutro, akaanza kupiga mluzi. Gari lilishika kasi, akakanyaga breki, likapungua. Akaachia, likashika kasi tena. Walipopita kona chache, harufu ya kitu kinachoungua iliingia ndani.

"Baba, kinanuka nini?"

"Watu wanachoma mkaa huko juu," alijibu bila hata kugeuza kichwa.

Haukuwa mkaa. Karibu na kona wanayoiita ya Mkuyu, Mzee Chande alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, na gari halikujali. Mluzi ulikatika. Gari liliingia konani kwa kasi, likavuka katikati ya barabara na kuhamia upande wa kulia, upande usio wao. Hapo hapo pikipiki ilitokea ikipanda polepole, ikiwa imejibana pembeni kabisa, mahali pake pa halali.

Sumaiya aliona kofia ngumu nyekundu, kisha uso wa kijana, kinywa wazi. Kikafuata kishindo. Bati la mbele lilikunjamana, kioo kikapasuka, pikipiki ikaingia chini ya gari na kulikwangua tumbo kwa mlio wa kuumiza meno. Kijana alirushwa juu ya boneti, akaanguka barabarani na kubingirika. Gari lilipanda mawe ya ukingo, likasimama limeinama. Mkanda ulikuwa umembana Sumaiya kifuani hata hakuweza kupumua vizuri.

Baba yake alitoka nje damu ikimchuruzika usoni. Watu waliokuwa wakitoka gulioni walikuja mbio. Aliwaona wakija, akamwona kijana aliyelala chini, akaliona gari lake. Na hofu yake, kama kawaida yake, ikageuka hasira.

"Kanifuata upande wangu!" alipiga kelele. "Kijana mlevi huyu, kataka kuniua na mwanangu!"

Maneno hayo yalitosha. Wiki iliyotangulia bodaboda mmoja alikuwa amemgonga bibi kizee hapo hapo na kukimbia, na watu bado walikuwa na uchungu. Hakuna aliyeuliza swali. Fimbo ya kwanza ilimpata kijana mgongoni, ya pili kichwani. Mtu akamvua kofia ngumu, akampiga nayo. Kijana aliinua mikono kujikinga.

"Nilikuwa upande wangu!" alilia. "Jamani, nilikuwa upande wangu! Mguu wangu!"

Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Sumaiya aliuona. Kisha akamwona baba yake akipenya katikati ya watu na kumpiga teke kwenye mguu uleule. Ukelele aliotoa yule kijana Sumaiya hakuusahau, na mimi ninayesimulia sitajaribu kuuandika.

Mama mmoja aliyekuwa amebeba kabichi alizitupa chini, akajilaza juu ya kijana. "Nipigeni mimi!" alifoka. "Mtamwua mtoto wa watu!" Ndipo fimbo ziliposimama. Kijana alipakiwa kwenye pikapu iliyokuwa ikipita, akapelekwa hospitali. Muda wote huo Sumaiya alikuwa ndani ya gari. Alikuwa anaujua ukweli wote, na hakufungua mdomo.

Jina la kijana lilijulikana jioni ile: Nathanaeli, wa kijiwe cha bodaboda cha karibu na stendi ya Same. Mguu ulikuwa umevunjika pawili. Mzee Chande aliwaeleza polisi kwamba bodaboda ndiye aliyehama upande, na polisi wakasema kijana akipata nafuu atafikishwa mahakamani.

Gari lilivutwa mpaka nyumbani. Lilikuwa na bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiharibika, kwa hiyo Mzee Chande alipiga simu kwenye kampuni ya bima. Aliyejibu hakumfurahisha. Alisema magari ya umeme ni ghali kutengeneza, betri imefungwa chini ya gari, na chini ndiko kulikoumia. Halipwi mtu mpaka mkaguzi wao afike. Fundi yeyote asiguse, asigonge, asichomelee.

Rafiki zake wa barazani, waliokuwa wakinywa naye kahawa, walimpa ushauri bila kuombwa. "Bima ikijua kosa ni lako, hupati hata msumari," mmoja alisema. "Wote tunajua. Shikilia hapo hapo: bodaboda kakuingilia." Mzee Chande alishikilia hapo hapo. Gari lile lilikuwa riziki ya nyumba nzima, na betri mpya asingeweza kuinunua hata angeuza kiwanja.

Sumaiya hakula vizuri tangu siku ile. Hata makande ya mama yake, ambayo alikuwa akiyagombania, aliyachezea tu kwa kijiko. Siku moja baada ya shule alimfuata baba yake uani.

"Baba, sisi ndio tuliokuwa upande wake. Uliweka nyutro, breki zikaungua. Nathanaeli hakukosa."

Kofi lilimpata kabla hajamaliza. Aliangukia ndoo, maji yakamwagika.

"Nyamaza!" baba yake alinguruma. "Unataka tulale njaa? Hukuona kitu wewe!"

Mama yake, Husna, alimwinua, akalowesha kitambaa na kumwekea shavuni. "Mume wangu, umempiga mtoto kwa sababu ya gari," alisema. Mzee Chande alitoka akabamiza geti. Husna akamgeukia binti yake. "Mimi sikuwepo, Sumaiya. Wewe ulikuwepo. Siwezi kukuamulia, ila siwezi pia kukuambia hukuona."

Mkaguzi wa bima alifika Jumamosi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ovaroli na glavu nene, jina lake Victoria.

"Shikamoo, mama," Sumaiya alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Shavu limefanya nini?"

"Nilianguka," Sumaiya alijibu. Huo nao ulikuwa uongo.

Bi Victoria alizima umeme wa betri kwanza, kisha akaingia chini ya gari na tochi. Alitoka huko amekunja uso. "Ganda la betri limebonyea, ila halijatoboka. Mngemwita fundi akagonga hapa na nyundo, leo tungekuwa msibani." Akafungua gurudumu la mbele, akazitazama breki kwa muda mrefu. "Mzee Chande, hiki ndicho kinachonishangaza. Gari la aina hii likiteremka kwenye gia linajizuia lenyewe. Breki zake hudumu miaka. Hizi zimeungua mpaka zimekuwa nyeusi. Ulishukaje?"

"Nilishuka kama watu wanavyoshuka," Mzee Chande alijibu, akitazama pembeni. "Bodaboda alinifuata upande wangu. Andika hivyo."

Kabla hajaandika lolote, zilisikika pikipiki. Si mbili wala tatu. Mtaa mzima ulinguruma. Habari kwamba Nathanaeli atashtakiwa akiwa bado kitandani zilikuwa zimefika kijiweni, na kijiwe kizima kilikuwa kimehamia kwa Mzee Chande.

"Chande! Toka nje, muuaji!"

Jiwe la kwanza liligonga bati la paa. La pili lilimalizia kioo cha nyuma cha gari. Geti lilisukumwa, likang'oka bawaba, vijana wakajaa uani na minyororo na vyuma mikononi. Mmoja alikuwa na chupa ya petroli na kiberiti. Mbele yao alikuwa Sifael, mwenyekiti wa kijiwe, kijana mrefu ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia.

Mzee Chande alichomoa panga lililokuwa juu ya kuni. "Atakayegusa gari langu namkata!"

"Katika sisi wote utamkata nani?" Sifael alimjibu. "Mwenzetu walimpiga kama mwizi kwa mdomo wako. Daktari anasema huenda akakatwa mguu. Leo gari linaungua, na wewe tutakupiga kama alivyopigwa."

Aliyekuwa na petroli alianza kumwaga. Bi Victoria alijitupa mbele ya gari. "Mkichoma hili mtachoma mtaa! Moto wa betri hii hauzimwi na ndoo za maji! Kuna watoto humu!" Mtu alimsukuma, akaanguka chini. Chuma kiligonga boneti. Panga lilipita hewani na kumchana kijana mmoja mkononi. Damu iliruka ikatua kwenye kanga ya Husna. Vijana waliruka nyuma, kisha wakaja mbele kwa pamoja, na kila aliyekuwepo alijua kwamba sasa mtu atakufa.

Sumaiya alipanda juu ya boneti. Hakujua alipandaje. Sauti iliyomtoka ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani anayo.

"Nathanaeli hakukosa! Mimi nilikuwepo! Alikuwa upande wake! Sisi ndio tuliomfuata!"

Vijana walisimama, vyuma vikiwa juu. Sumaiya alimtazama baba yake, machozi yakimtoka. "Baba aliweka nyutro mlimani. Breki ziliungua. Nilisikia harufu. Watu walipoanza kumpiga nilikaa kimya. Nilikaa kimya, na wakampiga!"

Kwa kitambo kidogo ilionekana kama ukweli umeharibu mambo zaidi. Kijana mmoja alipiga yowe na kumrukia Mzee Chande, akampiga ngumi ya mdomo. Mzee Chande alipepesuka. Panga lilikuwa bado mkononi mwake, na mkono ulikuwa umeinuka. Akamwona binti yake juu ya boneti na shavu lake lililovimba. Akaliachia panga, likaanguka.

"Mtoto anasema kweli," alisema huku akitema damu. "Nimesema uongo. Nipigeni."

Minyororo iliinuka. Sifael akaingia katikati na kuinyoosha mikono yake yote miwili. "Hapana! Tukimpiga hapa, Nathanaeli atabaki mshtakiwa, na sisi tutamfuata ndani." Akamshika Mzee Chande ukosi wa shati. "Utakwenda hospitali sasa hivi. Umwambie mwenyewe, kwa mdomo huo huo. Ukitoka hapo, polisi."

Walikwenda, na yule aliyechanwa mkono akafungwa kitambaa, akaenda nao kushonwa. Mzee Chande alipakiwa kwenye pikipiki katikati ya vijana wawili, na Sumaiya na mama yake wakafuata na Bi Victoria. Wodini, mama yake Nathanaeli, Honorata, mkulima kutoka milimani, alikuwa akimlisha mwanawe uji. Mzee Chande alisimama mbele ya kitanda, akasema yote bila kujitetea. Hata teke alilitaja.

Honorata aliweka bakuli chini. Alimwendea, akamshika kifua cha shati na kuanza kumpiga kwa ngumi, kifuani, mabegani, usoni, huku akilia. Mzee Chande, ambaye katika maisha yake hakuwahi kupigwa bila kurudisha, aliiacha mikono yake ining'inie.

"Mama, mwache," Nathanaeli alisema kwa sauti ndogo. Akamtazama Mzee Chande. "Mzee, ajali ni ajali. Lakini ulinipiga nikiwa nimeshavunjika. Kwa nini?"

Mzee Chande alikaa chini sakafuni, akalia mbele ya watu wote. Sumaiya hakuwahi kumwona baba yake akilia. Alitamani kumwonea huruma, akamwonea, lakini moyo wake ulikuwa kwa yule aliyelala kitandani.

"Nisamehe na mimi, kaka," alimwambia Nathanaeli. "Niliona, nikanyamaza."

"Leo hukunyamaza," Nathanaeli alimjibu.

Walipokuwa kwenye benchi nje ya wodi, Mzee Chande alijifuta uso. "Basi gari limekwenda," alisema. "Madam, andika kosa ni langu. Najua hamlipi mwenye kosa."

Bi Victoria alimgeukia, na sasa yeye ndiye aliyekasirika. "Nani alikwambia? Bima kubwa kazi yake ni nini, kama si kulipia makosa? Dereva angekuwa hakosei, angeikata ya nini? Ungesema tangu mwanzo, 'nimeshuka na nyutro, breki zimeungua, nimemgonga mtu,' tungelitengeneza gari, na bima hiyo hiyo ingelipia matibabu ya kijana tangu siku ya kwanza. Kinachoifuta bima ni uongo. Uongo wako ndio uliokuwa unakupotezea gari, na huyu mguu wake. Mshukuru binti yako kwamba bado sijaandika."

Mzee Chande aliinamisha kichwa. Rafiki zake wote wa barazani walikuwa wakisema uongo uleule mwaka nenda mwaka rudi, wakikosa malipo, na wakilaani bima.

Siku ile ile alibadilisha maelezo yake polisi, nao wakamfutia Nathanaeli mashtaka. Mahakama ilimwadhibu: alitozwa faini na kunyang'anywa leseni kwa muda, naye hakulalamika. Vijana waliovunja geti na kumwaga petroli nao waliitwa kituoni, wakalirudisha geti mahali pake kwa mikono yao. Kampuni ilibishana kidogo kuhusu betri, ikitaka gari liuzwe kama chuma chakavu. Bi Victoria akaandika kwamba ganda ndilo lililoumia, si betri yenyewe. Ganda jipya likaja, na fundi wa magari ya umeme akalifunga. Nathanaeli alifanyiwa upasuaji kwa malipo ya bima. Mguu haukukatwa, ingawa ulibaki mfupi kidogo kuliko mwenzake, na utabaki hivyo maisha yake yote.

Leseni iliporudi, safari za Mbaga zilianza tena. Jumamosi ya kwanza, mteremko ulipoanza, mkono wa Mzee Chande ulikwenda wenyewe kwenye gia. Sumaiya aliutazama. Mkono ulirudi kwenye usukani. Gari lilishuka taratibu, likijizuia lenyewe, na chaji ikaanza kupanda.

Kwenye kona ya Mkuyu alisimamisha gari pembeni. Michubuko ya ajali ilikuwa bado kwenye mawe.

"Sumaiya," alisema, "breki zilipoungua, Nathanaeli aliumia mguu. Hilo lilikuwa kosa langu la udereva, na makosa ya namna hiyo yana dawa. Fimbo zote zilizofuata zilitoka mdomoni mwangu. Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka. Usimwachie mtu mwingine apigwe kwa ajili yako."

"Ndiyo, baba."

"Na kofi lile..." Aligusa shavu la binti yake. "Nisamehe."

Sumaiya alimshika mkono, ule mkono uliokuwa ukitangulia maneno. Honi ya pikipiki ilisikika nyuma ya kona, ikipanda. Mzee Chande alitazama barabarani, akahakikisha gari lake liko upande wake, kisha akaisubiri ipite.